Ulinzi wa Himo Upewe Fungu Katika Mpango wa Halmashauri

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sisi wakazi wa Himo, na ambalo naamini linawahusu pia wananchi wa miji mingine midogo iliyoko njia panda na karibu na mipaka ya nchi yetu. Jambo lenyewe ni usalama wa raia na mali zao, na hasa wajibu wa halmashauri zetu katika kupunguza uhalifu.

Kwa msomaji asiyeifahamu Himo, huu ni mji mdogo ulioko mashariki ya Moshi, mahali barabara zinapokutana. Moja inatoka Dar es Salaam kupitia Same na Mwanga, nyingine inakwenda Moshi na Arusha, nyingine inakwenda Holili kwenye mpaka wa Kenya, na nyingine inapanda Marangu. Kwa hiyo mchana na usiku hapa hapakosi magari, wageni, mizigo na fedha. Akina mama wa Marangu, Kilema na Mwika huteremka na ndizi kabla jua halijachomoza. Wafanyabiashara wa nafaka hulala na magunia yao. Vijana wa bodaboda hungoja abiria mpaka usiku mwingi.

Huko juu mlimani, kwenye vihamba, mtu akipita njia ya jirani hujulikana ni mtoto wa nani na anakwenda wapi. Himo sivyo. Hapa aliyekuuzia shati leo asubuhi, jioni yuko Taveta au Mwanga. Mji wa namna hii hauwezi kulindwa kwa kufahamiana peke yake. Unahitaji mpango.

Mara nyingi uhalifu unapozidi, sisi wananchi husema kwa sauti moja, "Polisi wako wapi?" Nami nakubali kwamba kukamata wahalifu ni kazi ya polisi. Lakini tujiulize. Je, polisi ndiye anayeweka taa sokoni? Je, polisi ndiye anayefyeka kichaka kilicho kando ya njia ya wanafunzi, anayepanga vibanda vya stendi, au anayeamua malori yaegeshwe wapi usiku? Kazi hizo zote ni za serikali za mitaa. Kibaka anahitaji giza, kichochoro na mahali pa kukimbilia, na vitu hivyo vitatu vinaweza kuondolewa na halmashauri kabla askari hajaitwa.

Wala hili si ombi la fadhila. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 146, inataja miongoni mwa kazi za serikali za mitaa kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, iliyorudisha halmashauri za wilaya baada ya kufutwa wakati wa madaraka mikoani mwaka 1972, nayo inazitaka halmashauri zidumishe amani na utulivu katika maeneo yao. Tunapodai maji, barabara na zahanati tunadai haki yetu. Tukidai usalama uingizwe katika mpango wa mwaka tunadai haki hiyo hiyo.

Shida ninayoiona ni kwamba usalama umewekwa juu na chini, lakini katikati ambako fedha zinapangwa haupewi nafasi yake. Juu iko Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya. Chini ziko kamati za ulinzi na usalama za vijiji. Madiwani wanapoketi kugawa mapato ya mwaka, huzungumza elimu, afya, maji na ujenzi, na usalama huhesabiwa kuwa ni shauri la watu wengine. Matokeo yake ni kwamba kamati ya chini inakabidhiwa kazi kubwa bila hata fedha za kununulia tochi.

Na mzigo huo humwangukia nani? Humwangukia mnyonge. Tajiri huweka mlango wa chuma na kuajiri mlinzi. Mama muuza ndizi na kijana mwenye genge la nyanya huombwa mchango wa sungusungu, pengine bila stakabadhi, na huku wamekwisha kulipa ushuru. Asiye na fedha huambiwa akeshe mwenyewe, na asubuhi aende kazini.

Tukumbuke sungusungu walianzaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Kahama na sehemu nyingine za Usukuma na Unyamwezi walichoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi wa barabarani, wakajiunga wenyewe kulinda vijiji vyao. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, sungusungu wakatambuliwa. Marehemu Augustino Lyatonga Mrema, mwana wa Vunjo hii hii yetu, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia mwaka 1990, aliuhimiza sana ulinzi huo mijini. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi limekuwa likihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, na katika miaka ya karibuni limepeleka wakaguzi katika kata.

Yote hayo ni mema. Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Mahali ambapo sungusungu waliachwa bila mafunzo na bila wa kuwasimamia, watu walipigwa na kudhulumiwa, na wengine wasio na hatia walipoteza maisha. Mpaka leo tunasoma magazetini habari za mtu aliyeuawa na "wananchi wenye hasira kali" kwa kushukiwa kuiba kuku au simu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyataja mauaji ya namna hii katika ripoti zake. Ndugu Mhariri, hasira hiyo haitoki mbinguni. Inazaliwa pale mwananchi anapoona kwamba hakuna aliyeupangia usalama wake, akaamua kuupanga mwenyewe kwa mawe na petroli. Huo ni uuaji, na unatakiwa uitwe kwa jina lake.

Wako watakaosema dawa ni kufagia vijana wanaozurura stendi. Dawa hiyo tulikwisha kuijaribu. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na mjini Dar es Salaam watu walioitwa wazururaji walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini, maana kilichowatoa kwao hakikuondolewa. Kijana wa stendi akifukuzwa Jumatatu, Alhamisi utamkuta pale pale.

Tunao mfano bora hapa hapa nchini. Mwaka 1996 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, lenye makao yake Nairobi, lilianzisha mpango wa Miji Salama baada ya mameya wa Afrika kuomba msaada, na Dar es Salaam ikawa miongoni mwa miji ya mwanzo kujiunga. Jiji halikuanza kwa kununua bunduki. Lilianza kwa kuuliza. Wakazi waliulizwa wamepatwa na uhalifu gani na wanaogopa nini. Huko Manzese wanawake walitembea mitaani na kuonyesha mahali wanapoogopa kupita, nao viongozi wakaona kwa macho yao. Yule anayepita kichochoro kila siku na ndoo kichwani anajua hatari yake kuliko mtaalamu mwenye ramani.

Hata Uingereza, nchi yenye polisi wengi na vyombo vingi, ilipitisha sheria mwaka 1998 iliyozitaka halmashauri na polisi wakae pamoja, wachunguze uhalifu wa eneo lao na kutoa mpango kila baada ya miaka mitatu. Kama wenye uwezo wameona kwamba polisi peke yao hawatoshi, sisi tunangoja nini?

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa Himo na miji inayofanana nayo.

Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la matukio. Iandikwe ni kosa gani, mahali gani, siku gani na saa ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na usalama ni mali. Baada ya miezi sita daftari hilo litatuonyesha kama tatizo ni siku za gulio, ni mwisho wa mwaka wenyeji wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, au ni kona moja tu yenye giza.

Pili, kabla ya kuandika bajeti, diwani, mtendaji wa kata na mkaguzi wa polisi watembee mji mzima usiku pamoja na akina mama wa sokoni, madereva, bodaboda na walinzi. Wanafunzi nao waulizwe mchana njia zao.

Tatu, mpango wa mwaka uwe na fungu la usalama lenye kazi zinazohesabika: taa kadhaa, vichaka kufyekwa, vivuko vya mifereji, vyoo vya stendi vyenye mwanga na maegesho ya malori. Fedha ni chache, najua. Lakini taa moja sokoni ni nafuu kuliko duka lililovunjwa na mfanyabiashara aliyehamia mji mwingine na ushuru wake.

Nne, walinzi wa jadi waandikishwe, wapewe zamu, filimbi, tochi na mafunzo, na waambiwe wazi kwamba mshukiwa hupelekwa polisi akiwa mzima. Kila shilingi inayochangwa itolewe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa hadhara.

Tano, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria ya mwaka 2018 iliitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ielekezwe pia kwa makusudi kwa vijana wa stendi na sokoni. Kijana mwenye banda lake na deni la kulipa atakuwa mlinzi wa kwanza wa mtaa huo.

Na mwisho, kila robo mwaka diwani atueleze yaliyotendeka. Asituambie tu kwamba hali ni shwari. Atuambie taa ngapi zinawaka, matukio mangapi yameandikwa, na fedha kiasi gani zimetumika.

Sisi wananchi nasi tusikae pembeni. Anayenunua betri ya wizi kwa bei ya kutupa ndiye anayemlisha mwizi. Anayemficha mwanawe mhalifu anamwandalia siku ya kuzingirwa na umati. Na anayekaa kimya mkutano wa bajeti unapoitwa, hana haki ya kupiga kelele duka lake linapovunjwa.

Nawaomba madiwani wetu, wanapoketi tena kupanga mapato na matumizi, waanze na swali moja: mama atakayeteremka na ndizi zake saa kumi alfajiri, tumempangia nini ili afike sokoni salama? Wakiweza kulijibu kwa fungu la fedha, mpango umekwisha kuanza.



Mkazi wa Himo,
Kilimanjaro.