Hujachelewa kukaa benchi la wanafunzi



Katika usharika wetu yuko mzee mmoja ambaye hakosi ibada. Huwahi kufika, hutoa sadaka, na siku za ujenzi hubeba tofali kama vijana. Lakini kila Jumapili ya Meza ya Bwana, mkate na kikombe vikishaandaliwa, huinuka taratibu, huweka simu sikioni kana kwamba amepigiwa, na kutoka nje. Hurudi wakati wa matangazo. Kwa muda mrefu nilidhani ni mtu mwenye shughuli nyingi.

Mwezi uliopita nilimfuata nje. Simu haikuwa imeita. Akaniambia kwamba alibatizwa akiwa mtoto, akaanza mafundisho ya kipaimara, kisha akayaacha kwenda kutafuta maisha, na hakuyarudia tena. Nikamwambia darasa la Jumamosi liko wazi. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mwinjilisti," akasema, "na mvi zote hizi nikakae benchi moja na mjukuu wangu?"

Swali hilo halijaniacha. Leo nataka kulijibu kwa kisa cha mtu ambaye pengine hukutegemea kumkuta katika ukurasa wa Jumapili: Paul Newman, mwigizaji wa sinema wa Marekani aliyeanza mbio za magari akiwa mtu mzima.

Mbio za magari ni mchezo wa wanaoanza wadogo. Lewis Hamilton alianza kuendesha vigari vya mashindano akiwa na miaka 8, na kufikia mwaka 2007 alikuwa tayari katika Formula One, akiwa na miaka 22. Newman alizaliwa mwaka 1925. Alifundishwa kuendesha gari la mbio akiwa na miaka 43, na sababu ilikuwa kazi tu: alitakiwa kuigiza dereva katika filamu iitwayo Winning, iliyotoka mwaka 1969. Filamu ikaisha, lakini hamu ya kuendesha haikuisha. Mwaka 1972, akiwa na miaka 47, umri ambao madereva wengi wameshatundika kofia zao, yeye ndipo alipoanza kushindana.

Sasa tazama alivyoanza. Uso wake ulijulikana karibu dunia nzima. Angeweza kudai apewe heshima ya nyota. Lakini katika orodha za washindani alijiandikisha P. L. Newman tu, kama mtu mwingine yeyote, na akaanzia katika mashindano ya madereva wa ridhaa, wale wasiolipwa. Mwaka 1976, akiwa na miaka 51, akatwaa ubingwa wa taifa wa madereva hao. Mwaka 1979, akiwa na miaka 54, yeye na wenzake wawili wakipokezana usukani, walishika nafasi ya pili katika mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa. Na mwaka 1995, siku chache baada ya kutimiza miaka 70, alikuwa katika timu iliyoshinda daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Daytona.

Najua utakachosema: huyo alikuwa na fedha. Ni kweli, na mchezo huo ni ghali sana. Mtu asiye na uwezo asidanganywe kwamba moyo peke yake unatosha kununua gari na matairi. Lakini fedha hununua gari, hainunui sekunde. Saa ya mbio haimjui tajiri wala mtu mashuhuri. Kila alichokipata uwanjani ilimbidi kwanza ajifunze.

Na mtu mzima akijifunza mbio, kazi yake ni mbili. Mtoto anajifunza tu. Mtu mzima anajifunza huku akiacha mazoea. Ameendesha barabarani miaka mingi na anaamini anajua. Mkufunzi anamwambia: funga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka, ndipo uingie kwenye kona. Anamwambia asikodolee macho mahali alipo, atazame mbali, kule anakotaka kufika, kwa maana mikono hufuata macho. Mambo hayo ni mepesi kuyasikia, lakini ni magumu kwa mtu aliyezoea yake. Kinachomshinda si miaka yake. Kinachomshinda mara nyingi ni kuambiwa "rudia" na kijana aliye mdogo kuliko mwanawe.

Hapo ndipo mzee wetu aliposimama. Na hapo ndipo aliposimama Nikodemo, katika Yohana sura ya 3. Alikuwa mwalimu wa Israeli, mtu wa baraza, lakini alimwendea Yesu usiku. Alipoambiwa habari ya kuzaliwa upya, swali lake lilikuwa la umri: mtu mzima atawezaje? Yesu hakumcheka. Alimfundisha usiku uleule, tangu mwanzo. Mwanafunzi huyo wa usiku tunamkuta tena katika sura ya 19, baada ya msalaba, akija na manemane na udi kwa maziko ya Bwana, wakati wanafunzi wengi walikuwa wamekimbia. Alianza kwa kujificha, akamaliza hadharani.

Wako pia wale vibarua wa Mathayo sura ya 20, walioitwa shambani saa kumi na moja jioni, jua likikaribia kuzama. Mara nyingi tunazungumzia ujira wao, kwamba ulilingana na wa wenzao. Mimi hupenda kuangalia miguu yao. Hawakusema, "Sasa tutafanya nini cha maana kwa saa moja?" Hawakuona haya kuingia shambani mbele ya watu waliotoka jasho tangu asubuhi. Waliitwa, wakaenda. Wala mtu asitumie habari yao kuahirisha. Wao walisimama sokoni kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Wewe umeshaitwa.

Sitakuahidi kwamba anayechelewa hapotezi kitu. Newman hakuwa bingwa wa Formula One, na miaka ya ujana haikumrudia. Mzee wetu naye hatarudishiwa Jumapili zile alizokaa nje na simu isiyoita. Lakini Jumapili zilizobaki ni zake, na Meza bado imeandaliwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mgongo wa mtu mzima huuma unapoinama, lakini hauvunjiki.

Nasi tulioketi tayari tuna sehemu yetu. Mara nyingi benchi la wanafunzi linaogopesha kwa sababu ya macho ya wanaolitazama. Mtu mwenye mvi akiingia darasani Jumamosi, usinong'one na jirani yako. Kama usharika wako unaweza kuwatengea watu wazima saa yao, fanyeni hivyo. Kama hauwezi, msogezee kiti.

Darasa letu linaanza Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Sijui kama mzee wangu atakuja. Nimeweka daftari jipya na kalamu mezani kwa ajili yake, na mjukuu wake ameniambia atamwekea nafasi.

Na wewe, msomaji, benchi lako unalijua. Nenda ukaketi.

Nakutakia Jumapili njema.