Mtenda Aliyefichwa: Sarufi ya Mataifa Yanapojitetea

Wapo wanaoshikilia kwamba habari si fasihi, hivyo mhakiki hana kazi nayo. Dai hili halina mashiko.

Septemba 1983, ndege ya kivita ya Muungano wa Sovieti iliitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini. Watu 269 walikufa. Julai 1988, manowari ya Marekani, Vincennes, iliitungua ndege ya abiria ya Iran katika Ghuba. Watu 290 walikufa. Jarida la Newsweek lililipa tukio la kwanza kichwa 'Mauaji Angani', na la pili 'Kwa Nini Lilitokea'. Rais Reagan aliliita la kwanza uhalifu dhidi ya binadamu; la pili, msiba uliotokana na kujihami.

Tuizingatie sarufi. 'Mauaji' hudai muuaji. Kitenzi 'tokea' hakimhitaji mtenda. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 61.8 bila kukiri kosa: hata fidia ilikosa mtenda. Wasovieti nao walianza kwa kukana, kisha wakadai ndege ile ilikuwa ya ujasusi. Dola kujitetea si ajabu. Ajabu ni vyombo vinavyojigamba kuwa huru kuusadiki utetezi huo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mhariri wetu anayetafsiri taarifa kama hizo neno kwa neno huurithi pia msimamo wake. Darasani twawahimiza wanafunzi waulize ni nani anayesimulia riwaya na ni nani aliyenyimwa sauti. Swali hilo lisipofika gazetini, uhakiki wetu ni pambo tu.