Si Kila Gofu ni la Mtoto

Ndugu msomaji, nianze moja kwa moja, maana kurasa zetu ni chache na hasira yangu ni nyingi. Tuna tabia mbaya hapa mjini. Ikifika likizo, mzazi anajikusanya, anakopa kidogo hapa na pale, anapakia familia nzima kwenye basi la Bagamoyo au boti ya Unguja, halafu anawaburuta watoto wa miaka 4 na 5 kwenye kila gofu, kila makumbusho, kila kaburi na kila shimo. "Historia hiyo, angalia!" Mtoto anaangalia. Anachokiona ni mgongo wa mtu mzima aliyesimama mbele yake.

Mimi nasema hivi: ukisafiri na mtoto mdogo, kazi yako ya kwanza ni kuchagua pa kutokwenda. Na pa kwanza kabisa kupaacha ni pale penye mateso: vyumba vya watumwa, minyororo, mahali pa kunyongea watu. Najua nitatukanwa. Wapo watakaosema, huyu kijana wa kidato cha nne anataka kuuficha utumwa. Subirini kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane vizuri.

Tuchukue Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba kwa kubanwa na Waingereza. Papo hapo penye soko, wamisheni wa Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere wakajenga kanisa. Leo mgeni anateremshwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, dari fupi, hewa nzito, mwanga wa kuibia. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu 5 waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Sweden, iliyowekwa mwaka 1998. Ni mahali pa kunyamaza. Mtu mzima akitoka pale hajaguswa, basi ana lake jambo.

Sasa mteremshe mtoto wa miaka 5. Nini kitatokea? Nimesimama pale nikaona kundi la watoto wa vidudu, sare safi, chupa za maji shingoni. Nusu yao waligeuza kile chumba kuwa mchezo: mmoja askari, wengine watumwa, makelele matupu. Nusu nyingine walishika sketi ya mwalimu hawaachii. Na juu, ukingoni mwa lile shimo la sanamu, wazazi wengine walikuwa wanawapanga watoto wao wapigwe picha. "Cheka basi, mama!" Jamani! Unamwambia mtoto acheke mbele ya watu wenye minyororo shingoni, halafu unaniambia mimi umempeleka akajifunze historia?

Hayo mawili, mchezo na woga, ni mabaya. La tatu ni baya zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtembezaji ana dakika 10 za kueleza mambo ya karne nzima. Katika hizo dakika 10 mtoto hudaka neno moja tu: Waarabu. Basi. Kesho yake mtaani anamtazama kwa jicho jingine mwenzake wa nyumba ya tatu, yule mwenye nywele laini ambaye jana walikuwa wanagawana embe. Nani wa kumlaumu? Mtoto alipewa hadithi yenye mwovu mmoja, naye akaenda kumtafuta huyo mwovu uwanjani.

Wewe mtu mzima unajua kwamba mambo yalikuwa na mikono mingi. Kulikuwa na matajiri wa Kihindi waliotoa mitaji ya misafara. Kulikuwa na Wafaransa waliotaka watu wa kwenda kulima kwenye visiwa vyao vya Mauritius na Réunion. Kulikuwa na machifu wa bara waliowauza mateka wao. Kulikuwa na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliyokuwa yanakula watu. Unajua pia kwamba soko kufungwa siyo utumwa kwisha: Zanzibar sheria ya kuuondoa ilikuja mwaka 1897, na Tanganyika, tena chini ya Waingereza hao hao waliojisifu, ilikuja mwaka 1922. Hebu mweleze mtoto wa miaka 4 hayo yote, amesimama gizani, ana njaa, anataka kwenda haja ndogo. Huwezi. Kwa hiyo utamwambia kipande, na kipande cha ukweli mkononi mwa mtoto ni kisu.

Na kuna jambo jingine. Wapo wanahistoria wanaohoji kama vile vyumba vya Mkunazini viliwahi kweli kulaza watumwa, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la wamisheni, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Swali zuri hilo! Kijana wa sekondari akiulizwa atabishana mpaka jioni. Mtoto wa vidudu hana nafasi ya kuhoji. Yeye anachoambiwa gizani ndicho anachokwenda nacho kitandani.

Sasa tuje kwa wanaobisha, maana nawajua, ni washikaji zangu.

Wa kwanza anasema: "Watoto wa umri huo huo waliuzwa. Nani aliwaonea huruma?" Hilo ni neno zito na sitalikwepa. Ni kweli, waliuzwa. Hawakuulizwa miaka yao, hawakuulizwa kama wanaogopa giza. Lakini deni lao halilipwi kwa kumtisha mtoto mwingine. Sisi tuna uwezo wa kuchagua, wazazi wao walinyang'anywa uwezo huo. Kuutumia ndiyo heshima yenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo unaombebesha mtoto unauona mwepesi kwa sababu haupo kichwani kwako.

Wa pili anasema: "Wenzetu wanawapeleka watoto wao, ndiyo maana wanajua historia yao." Wenzetu wapi? Kule Poland ipo kambi ya Auschwitz, ambako Wajerumani wa Hitler waliua watu zaidi ya milioni 1, wengi wao Wayahudi. Wanaoitunza kambi hiyo wenyewe wanashauri watoto walio chini ya miaka 14 wasipelekwe. Miaka 14! Hao wameficha nini? Hawajaficha kitu. Wanajua kwamba mahali pazito panahitaji mtu mwenye mabega. Sisi huku tunampeleka anayenyonya kidole.

Wa tatu ndiye ninayemhurumia. Anasema: "Nimetoka Songea, nauli nimeichanga mwaka mzima, nitarudi lini tena?" Ndugu yangu, nakuelewa. Usirudi bila kuona. Ila ingieni kwa zamu. Mmoja abaki nje na watoto, awanunulie juisi ya ukwaju, mwingine ateremke, akitoka wabadilishane. Mkirudi nyumbani mtakuwa mmeona wote mnaostahili kuona. Mtoto akifika darasa la sita au la saba na kuanza kuuliza mwenyewe, utakuwa na la kumjibu, kwa sababu ulikwenda na ukasikiliza. Ukiteremka naye, huoni wewe wala haoni yeye. Kazi yako ni kumwambia nyamaza.

Ipo na aina ya pili ya mahali pa kuruka. Hapa hakuna mateso, kuna ukame tu. Lile boma la Wajerumani la Bagamoyo la mwaka 1897, vyumba vyenye karatasi za zamani ndani ya fremu, makabati ya vigae vilivyovunjika: vyote hivyo vina thamani, na mimi naweza kukaa humo siku nzima. Lakini kwa mtoto ambaye hajajua kusoma, karatasi ndani ya fremu ni ukuta. Mpitishe nje, mwonyeshe lilivyo kubwa, mwendelee. Na Jumba la Maajabu la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, msilivizie kwa karibu na watoto. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu 2 walipoteza maisha. Litazame kutoka mbali, uwaambie lina kidonda.

Sasa twende wapi? Maana kijana akibomoa bila kujenga anaitwa mhuni.

Nina kipimo kimoja tu. Mahali panapomfaa mtoto mdogo ni pale ambapo mwili wake wenyewe unaweza kupapima: pa kuhesabu, pa kuzunguka, pa kuchungulia, na ambapo akiuliza swali utamjibu ukweli wote bila kugugumia.

Nendeni Changuu, ambako wageni wanapaita kisiwa cha gereza. Gereza lenyewe liacheni. Hata halikutumika sana kufungia wafungwa, lilikuja kuwa mahali pa karantini ya wasafiri. Nendeni kwa kobe. Wale wakubwa asili yao ni Shelisheli, wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919, na baadhi yao wameandikwa umri wao mgongoni. Mpe mtoto mchicha amlishe mnyama aliyezaliwa kabla ya bibi yake. Hapo ndipo neno "zamani" linapoingia kichwani, likiwa linatafuna.

Nendeni Kaole, kilomita kama 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, na makaburi yenye minara ambayo zamani ilipachikwa vibakuli kutoka China. Mtoto ahesabu minara. Afundishwe kutopanda makaburi, maana waliolala pale ni watu. Akiuliza vibakuli vya China vilifikaje, unalo jibu zuri lisilo na aibu: kwa majahazi na kwa biashara, kwa sababu watu wa pwani hii walijuana na dunia tangu zamani.

Na kwenye misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, upo mbuyu uliomeza mnyororo. Wageni wengi wakiuona wanadhani ni wa watumwa, wanaanza kupiga picha kwa huzuni. Kumbe inasimuliwa kwamba mama mmoja wa misheni alimfunga punda wake pale, mnyororo ukasahauliwa, mti ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza. Siku hizi kinachungulia kipande tu. Mtoto akiambiwa mti umekula chuma, hasahau hata akizeeka! Na hujamdanganya hata neno moja.

Sehemu 2 kwa siku zinatosha. Baada ya hapo ufukweni, pweza, usingizi. Mtaka yote hukosa yote, na mtaka yote mwenye mtoto hukosa mpaka nguo safi.

Lakini kuruka siyo kusahau. Na hapa ndugu zangu wa kalamu nawageukia nyinyi, msije mkadhani mnasoma ugomvi wa wazazi tu. Kwa nini mzazi wa Bagamoyo anakimbilia minyororo? Kwa sababu hana kitu kingine mkononi! Hana hadithi. Hana kitabu cha shilingi chache cha kumsomea mtoto nyumbani kabla ya safari.

Hebu tazameni. Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo ukiwa umebeba maiti ya David Livingstone, aliyekuwa amekufa Mei 1873 kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Miezi 9 njiani! Walioongoza ni Susi na Chuma. Huyo Chuma alitekwa akiwa kijana mdogo, akawa kwenye msafara wa kupelekwa kuuzwa, akaokolewa mwaka 1861. Yaani aliyekuwa bidhaa njiani akaja kuwa kiongozi wa msafara. Alikuwepo pia Halima, mpishi, mwanamke kati ya wanaume wale. Utumwa umo humo ndani, haujafichwa. Lakini una jina, una miguu, na una mwisho ambao mtoto anaweza kulala nao. Mtoto wa miaka 5 mpe Chuma. Minyororo ya Mkunazini ataikuta akikua, na akiikuta atamkumbuka Chuma, atajua kwamba waliofungwa walikuwa watu kamili kabla ya kuwa sanamu.

Nani kaandika hadithi hiyo kwa Kiswahili cha mtoto, yenye picha, ya bei ambayo konda wa daladala anaimudu? Sisi tunakaa vijiweni tunaandika riwaya za mapenzi na majambazi, mimi nikiwa wa mbele, na tunawaachia watembezaji wa dakika 10 kazi ya kuwapa wadogo zetu historia. Tusilalamike basi wakirudi na chuki au na ndoto mbaya.

Wazazi, chagueni pa kuruka. Waandishi, jazeni pengo la walichokiruka. Na anayebisha asiniwinde kituoni. Aandike, kurasa zipo.