Polisi akiona polisi mwenzake anaua, amwambie nani?

Wadau, kuna sentensi ambazo kila mwandishi wa habari wa mkoani amezikariri. "Marehemu alijeruhiwa katika majibizano ya risasi na askari." "Alijaribu kutoroka alipokuwa akienda kuwaonyesha wenzake." "Alifariki dunia akiwa njiani kupelekwa hospitali." Kamanda anazisoma, sisi tunaandika, kesho yake gazeti linauzwa na maisha yanaendelea.

Swali langu leo ni dogo tu. Katika msafara ule wa polisi kulikuwa na dereva. Kulikuwa na askari wa nyuma aliyeshika tochi. Kulikuwa na yule kijana aliyetoka chuo cha polisi juzi, hata buti hazijamkaa vizuri. Wote hao waliona. Je, umewahi kusoma habari inayoanza na maneno yao?

Tuchukue mfano ambao nchi nzima inaujua. Januari 14, 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam. Taarifa ya kwanza ilikuwa ile ile ya kukariri: majambazi, wamekufa katika kurushiana risasi. Familia zikakataa, kelele zikawa kubwa, Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa. Ndipo hadithi ya majambazi ikaporomoka. Marehemu walikuwa wamekamatwa Sinza wakiwa hai, na waliuawa msitu wa Pande.

Sasa jiulize, nani alijua habari za Pande? Miti haisemi. Waliojua ni askari waliokuwemo kwenye magari. Baadhi yao walisema, wakamtaja koplo mmoja kuwa ndiye aliyefyatua risasi. Koplo huyo alikuwa ameshatoroka. Lakini walisema wakiwa wapi? Kizimbani, kama washtakiwa, wakipigania shingo zao.

Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 33, inasema mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kutegemea tu ungamo la mshtakiwa mwenzake. Ni sheria nzuri, maana mtu anayezama hushika hata mguu wa jirani. Lakini matokeo yake ni kwamba askari aliyeona, akingojea hadi naye ashitakiwe ndipo afungue mdomo, maneno yake yanapungua uzito. Angezungumza mapema kama shahidi, yangepimwa kwa mizani nyingine kabisa.

Agosti 17, 2009, Jaji Salum Massati aliwaachia huru Abdallah Zombe na wenzake wanane, akisema wauaji halisi hawakuwa mbele yake. Ilichukua hadi Septemba 2016 Mahakama ya Rufani kumtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Zombe akabaki huru. Miaka kumi na ushee, watu wanne wamelala kaburini, mtu mmoja hatiani. Na yule koplo? Hakufikishwa kizimbani.

Miaka sita baada ya Pande, Septemba 2, 2012, ikawa zamu yetu waandishi. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu, askari wakiwa wamemzingira. Julai 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja! Ukitazama zile picha unahesabu kofia ngumu hadi unachoka. Bila kamera za wenzetu, sijui kama hata huyo mmoja angepatikana.

Sasa turudi huku kwetu. Karagwe na Kyerwa si Dar. Hapa askari wa doria anayefuatilia magendo ya kahawa kuelekea Murongo hana kamera ya mtu nyuma yake. Ni usiku, ni migomba, ni pikipiki bila taa. Kikitokea kifo, kesi ya mauaji itaanzia mahakama ya wilaya, halafu isubiri kikao cha Mahakama Kuu, Bukoba. Katikati ya hapo, askari aliyeona anaishi kota moja na aliyefyatua. Watoto wao wanasoma darasa moja. Mkuu anayepanga zamu zake na kusaini likizo yake ni huyo huyo. Na anayepeleleza tukio? Ni polisi vilevile!

Wengine watasema mnawaonea polisi, kazi yao ni ngumu. Kweli ni ngumu. Mpakani huku silaha zimewahi kuzagaa, na kuna askari waliouawa kazini. Lakini hoja hiyo inanipa nguvu mimi. Kama risasi ilikuwa ya halali, shahidi wa kwanza wa kumsafisha mfyatuaji ni mwenzake aliyesimama pembeni. Mwacheni aseme mbele ya mtu asiyevaa sare.

Sheria zipo. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980, inayotaka kifo chenye utata kichunguzwe. Tunayo ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Kinachokosekana ni chombo huru cha kupeleleza polisi, chenye wapelelezi wake na bajeti yake. Kenya walianzisha chao, IPOA, kwa sheria ya 2011. Hakijamaliza mauaji, tusidanganyane. Lakini askari wa Kenya mwenye jambo rohoni ana mlango wa kubisha ambao si wa bosi wake.

Baada ya damu iliyomwagika Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, Rais Samia aliunda tume Novemba mwaka huo chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ni jambo jema, lakini ya Kipenka imetufundisha kitu: tume huja na kuondoka, askari aliyeona anabaki kituoni na wenzake.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja. Kila risasi ya polisi inayoua, wilaya yoyote, ipelelezwe na watu wasio polisi. Kila askari aliyekuwepo atoe maelezo yake peke yake, ndani ya saa 24, kabla hawajakaa pamoja kupanga hadithi. Atakayesema ukweli ahamishwe kwa usalama wake, isiwe kwa adhabu. Na sisi waandishi, kamanda akimaliza kusoma taarifa, tuulize swali moja la ziada: mkuu, walikuwepo askari wangapi, na wao wamesemaje?

Nanyi wadau mnasemaje? Kama una ndugu polisi, muulize jioni hii. Angemwambia nani?