Jamani, si kila ugonjwa dawa yake ni "kupiga window"

Wasomaji wangu, leo nina hasira, mnivumilie kidogo.

Nilikuwa Muyama, kule milimani Kigoma, nikirekodi mazungumzo na wakulima wa kahawa. Siku nne za kupanda na kushuka vilima. Laptopu yangu ina mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu. Ukiiwasha inatokea menyu inayokuuliza unataka kuingia upande gani. Rekodi zangu zote zilikuwa upande wa Ubuntu. Usiku wa mwisho nikapandisha mfumo mmoja kwenye toleo jipya. Asubuhi nawasha, menyu hakuna! Mashine inaingia moja kwa moja Windows, kana kwamba Ubuntu haijawahi kuwepo.

Nikateremka Kasulu mjini kwa fundi. Akaitazama kama dakika mbili hivi, akasema: "Kaka, huo upande wa pili umeshakufa. Diski yenyewe naona haina kitu. Tufomati, tupige window mpya, jioni unachukua mzigo wako."

Nikamwambia asiguse kitu. Akaniona mbishi.

Sasa naomba tuelewane. Nakiri kosa la kwanza ni langu, sikuwa nimeweka nakala ya rekodi mahali pengine. Mwandishi wa habari mzima! Lakini kosa langu halimpi mtu ruhusa ya kufuta kazi ya siku nne kwa sababu ya menyu iliyopotea. Maana kilichopotea ni menyu tu. Mfumo wenyewe uko pale pale kwenye diski na mafaili yake yote. Fundi aliona "haina kitu" kwa sababu Windows kwa kawaida haisomi sehemu za diski zilizotengenezwa kwa Linux. Asiyejua kusoma Kiha akikuta barua ya Kiha hasemi karatasi ni tupu.

Menyu ile inaletwa na programu ndogo iitwayo GRUB. Ndani ya kompyuta kuna orodha ya nani aamshwe kwanza umeme ukiwaka. Toleo jipya la mfumo linaweza kujiandika namba moja kwenye orodha hiyo, na GRUB ikasukumwa nyuma. Haijafa, haiitwi tu.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu afomati, fanya hivi. Washa mashine huku ukibonyeza F12, au F2, Esc au F9, kutegemea mtengenezaji. Ukiona jina "ubuntu" kwenye orodha, lichague. Ukishaingia, fungua terminali uandike sudo grub-install, kisha sudo update-grub. Jina lisipoonekana, tumia flashi yenye Ubuntu, iwashe bila kuisimika kwenye diski, na urudishe GRUB ukiwa humo humo. Hata ukishindwa kuirudisha, utaweza kuyafungua mafaili yako na kuyanakili. Na ikiwa menyu imerudi ila sasa Windows ndiyo haionekani, usishtuke. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, utafutaji wa mifumo mingine huja umezimwa. Ndani ya faili /etc/default/grub weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, halafu rudia update-grub.

Mimi ilinichukua F12 na kama robo saa. Rekodi zote zipo!

Kuna watakaosema haya ni matatizo ya watu wachache wanaopenda ujuaji. Si kweli. Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama na kusema halitagusa mashine zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu nchi mbalimbali waliwasha mashine zao, Linux ikakataa kuwaka kwa ujumbe wa kukiuka sera ya usalama. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kufuta sera ile kwa amri moja, na kuwasha Secure Boot tena. Microsoft yenyewe ilimaliza tatizo hilo Mei 2025. Hebu fikiria ni wangapi waliofomatiwa kabla ya hapo.

Tena msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba tunazonunua hazitimizi masharti ya Windows 11. Wengi wataweka Linux pembeni, na wengi watapandisha matoleo. Menyu zitapotea sana tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukuanza jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Tulithubutu kuifundisha kompyuta lugha yetu. Leo tiba tunayoijua mtaani ni moja, ufute kila kitu na uanze upya.

Lakini simlaumu fundi peke yake. Sisi wateja ndio tuliomfundisha. Kupiga window kuna bei inayojulikana na tunailipa bila ubishi. Akisema "nipe saa moja nichunguze kwanza", tunamwona anatupotezea muda na tunataka achunguze bure. Mtu anayelipwa kwa kufuta, atafuta.

Basi tuanze na sisi. Weka nakala kabla ya kupandisha toleo. Andaa flashi ukiwa mjini, maana faili la Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6, na bando la GB 6 si la kuanza kulitafuta ukiwa kijijini. Ukifika kwa fundi, sema hivi: "Nitakulipa uniambie tatizo ni nini. Usifute kitu mpaka niseme." Akikataa, chukua laptopu yako uondoke.