FUNDI WA NYUMBANI: Mashine Ina Nguvu, Mkono Una Akili

Katika nyumba za kambi, kazi ya useremala hungojea siku ya mapumziko. Zamani baba wa nyumba alishika bisibisi na kutoka jasho mchana kutwa kwa ajili ya rafu moja. Siku hizi ipo mashine ndogo ya betri ya kukazia skrubu kwa mapigo, nayo humaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Lakini wepesi huo una hatari yake.

Mashine hii si sawa na drili. Ndani yake mna nyundo ndogo, fuawe na springi. Skrubu inapoingia bila shida, vyote huzunguka pamoja. Inapokutana na ugumu, nyundo hurudi nyuma, springi huisukuma, nayo hulipiga fuawe, mara nyingi zaidi ya mapigo 3,000 kwa dakika. Kwa kuwa mapigo hayo ni ya kuzungusha, kiganja cha fundi hakisokotwi. Hapo ndipo penye mtego: skrubu huumia, na mkono usihisi. Tena, drili nyingi huweza kupangwa ziache kukaza nguvu ifikapo kiasi fulani. Mashine nyingi za mapigo haziwezi.

Chukua mfano wa koplo aliyewaundia wanawe wawili kitanda cha ghorofa kwa mbao za mvule. Aliona kutoboa matundu kwanza ni kupoteza wakati. Alibonyeza kitufe, skrubu zikazama zote, na vichwa vyake vikakaa sawasawa. Jioni mkewe alipokuwa akitandika, aliuegemea ubao wa juu.

"Baba watoto," alisema, "kitanda hiki kinalia."

Koplo alichukua bisibisi ya mkono akajaribu skrubu moja moja. Mbili zilizunguka tu bila kukaza, kwani zilikuwa zimekatika shingo ndani ya mti. Ya tatu ilikuwa imeupasua mwisho wa ubao. Usiku ule watoto walilala mkekani, na kitanda kikafunguliwa chote.

Ndugu msomaji, mti mgumu kama mvule hutaka matundu mawili. Katika ubao wa juu, toboa tundu lenye upana wa skrubu pamoja na meno yake, ili ipite huru. Katika ubao wa chini, toboa jembamba, sawa na kiini cha skrubu bila meno. Hivyo mbao mbili hubanana barabara. Paka skrubu nta ya mshumaa. Sabuni isitumike, kwa kuwa huvuta unyevu na kuleta kutu. Anza polepole, sukuma mashine ikae wima juu ya skrubu, kisha uiache mashine kabla ya mwisho na umalizie kwa bisibisi ya mkono. Skrubu za shaba nyeupe ni laini: tangulia na ya chuma ya ukubwa uleule, uitoe, ndipo uingize ya shaba kwa mkono. Na pale mbao za ubavuni zinapokutana na miguu ya kitanda cha ghorofa, skrubu peke yake hazitoshi. Tumia bolti na nati.

Kwa mabati, simama mara mpira wa chini ya kichwa unapobanwa kidogo. Ukiendelea, mpira hupasuka, na mvua itapata njia.

Ondoa betri kabla ya kubadili ncha, kama askari aondoavyo risasi kabla ya kusafisha bunduki. Vaa miwani ya kukinga macho, na uzibe masikio, maana kelele yake ni kali. Betri isiachwe juani, isichajiwe ikiwa imelowa au imevimba, wala isichajiwe kitandani au karibu na nguo. Kazi ikiisha, vyote viwekwe mbali na watoto.

Jumapili koplo alianza upya. Alitumia muda mrefu zaidi kutoboa kuliko kukaza. Kabla ya watoto kupanda, alipanda yeye mwenyewe, akajigeuza huku na huku, mkewe akisikiliza chini. Kitanda hakikulia.