Kikulacho ki nguoni: maji ya rangi na dawa ya jua

Leso nyingi tunazojifunga hapa Pwani huchapishwa India, na mji mmoja unaojulikana kwa kazi hiyo ni Jetpur, jimbo la Gujarat. Leso hutufikia iking'aa, lakini maji yaliyoisuuza hubaki kule, na mto Bhadar umelalamikiwa miaka mingi. Kusini mwa India, huko Tiruppur, uchafu wa mto Noyyal ulifika mahakamani. Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vifungwe.

Hili latuhusu. Viwanda vya EPZ vya Mombasa kwa sehemu kubwa hukata na kushona kitambaa kilichotiwa rangi kwengine. Sasa serikali yataka pamba ifufuliwe na kitambaa kitengenezwe nchini. Ajira twazihitaji, vijana wetu wameshinda maskani bila kazi. Lakini kitambaa kikitiwa rangi hapa, maji yake nayo yatakuwa yetu.

Kuna wanaosema dawa ipo, nayo ni jua. Si uongo. Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kuwa titaniamu dioksaidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za kupaka nyumba, ikipigwa na mwanga huweza kupasua maji. Leo watafiti huutengeneza unga huo kwa chembe za nanometa chache, ilhali unywele mmoja una unene wa takriban nanometa 80,000. Mwanga ukizipiga, chembe hizo huzalisha ndani ya maji viini vikali vinavyokatakata molekuli za rangi. Kazi ikikamilika, hubaki maji, kaboni dioksaidi na chumvichumvi.

Jua tunalo, alhamdulillahi. Hata hivyo, naona tuwe na maswali matatu.

Kwanza, sumu imekwisha au ni rangi tu iliyopotea? Rangi nyingi za nguo ni za aina ya azo. Zikikatwa nusu nusu, maji huonekana safi ilhali yaweza kubeba amini, na baadhi yake husababisha saratani.

Pili, jua lenyewe latosha? Unga wa kawaida hutumia miale ya urujuanimno, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nguvu ya jua. Maji yakiwa meusi, mwanga haupenyi. Na chumvi nyingi inayotumika kutia rangi, jua haliiondoi.

Tatu, chembe zenyewe zaenda wapi? Zisiponaswa zitaingia baharini, kwa samaki wa mvuvi wa Port Reitz.

Kwa hivyo teknolojia hii yafaa kuwa hatua ya mwisho, baada ya maji kuchujwa na kusafishwa kwa njia nyengine. Isiwe kisingizio cha kuziacha hizo.

Sheria tunazo. Kanuni za ubora wa maji zaweka viwango vya maji yanayotoka viwandani, rangi ikiwemo. Lakini Owino Uhuru yatukumbusha: mahakama ya Mombasa iliamua mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, wakati sumu ya risasi ilishaingia miilini mwa watoto.

Rai yangu ni hii: kiwanda chochote cha kutia rangi kikija Pwani, vipimo vya maji yake vitolewe hadharani kila mwezi, vikiwemo vya amini, chumvi na chembe. Wakazi wavidai kabla ya leseni kutolewa.